Mstari Juu ya Upinde

Nairobi,
12 Februari 1996

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, sijui nyinyi huko Mutomo. Mguu wa Mama umepona? Mvua je?

Baba, hapa kiwandani tumeletewa mashine ya leza. Inachora kwenye chuma kwa mwanga peke yake, bila nyundo wala patasi, na kazi yake ni kutia alama mapanga yetu ili watu wasiuziwe ya bandia. Fundi aliyeileta aliwafundisha wanaume wawili. Mimi nikaambiwa nilete chai.

Alipoondoka, wale wawili wakahangaika nayo siku tatu, na alama zikawa zinatoka kama moshi wa jikoni. Nikachoka kutazama upuuzi. Nikachukua bamba la chuma, nikaliegemeza kwenye kipande cha mbao likakaa mteremko, nikapiga mstari mmoja toka juu hadi chini. Pale mstari ulipotoka mwembamba na mweusi kuliko kwingine, nikapima kimo, nikashusha kichwa cha mashine mpaka hapo, nikakaza skrubu. Meneja akasema nijaribu na mchoro. Nikachora kitu cha kwanza kilichonijia kichwani. Kikatoka safi, hata ukisugua kwa mchanga hakifutiki, na meneja akakipenda.

Sasa mashine naiendesha mimi, ingawa mshahara ni ule ule wa kufunga maboksi. Jambo hilo linaniudhi sana, lakini kazi yenyewe naipenda.

Binti yako,
Mutindi

Mutomo,
3 Mei 1996

Kwa Mutindi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mguu wa Mama yako umepona, mbuzi ni wazima, mvua ilitupita ikaenda kwa wengine. Hizo ndizo salamu. Kilichobaki ni hasira.

Jumanne vijana wa ukoo wetu walimkamata Salim, yule mwenye duka la vifaa, anayenipimia misumari tangu hujazaliwa. Alikuwa na mapanga ishirini na manne, na kila moja lina alama yetu, upinde na mistari miwili chini yake. Wewe unajua kitu chenye alama ile ni cha nani. Mzinga wa nyuki ukiwa nayo, hata ukiwa umetundikwa kwenye mti wa mtu mwingine, hauguswi. Salim akawaambia ameyanunua kwa jumla Nairobi, na risiti anayo. Wakamjibu kwamba risiti haina upinde. Wakamleta kwangu pamoja na mapanga yake, kwa sababu mimi ndiye mtunza alama. Mzee wa watu aliketi uani kwangu jua likimpiga, akiona aibu, na mimi nikaona aibu zaidi.

Ndipo nikakumbuka barua yako. Nani alikupa alama ile, Mutindi? Msichana hapewi, maana ataolewa aende nayo kwingine. Hata kaka yako Kivuva alipojenga kwake aliongeza mstari wa tatu chini, na alikuja kuniuliza kwanza.

Wazee watakaa tarehe kumi na nane. Wakisema ni wizi, Salim atafukuzwa sokoni. Waambie hao waajiri wako waifute.

Baba yako,
Kilonzo

Nairobi,
11 Mei 1996

Kwa Baba,

Shikamoo. Nashukuru Mama amepona. Mimi mwili ni mzima.

Nilienda kwa meneja siku ile ile barua yako ilipofika. Akasema mchoro uliofanywa kwa mashine ya kampuni ni wa kampuni, na maboksi yameshachapishwa nao. Nikamwambia kuna mtu amekamatwa kwa sababu yake. Akacheka, akaniuliza ukoo wetu una ofisi mtaa gani.

Nimekosa, na naomba msamaha, kwa Salim kwanza. Lakini nawe umeniudhi, Baba. Unauliza nani alinipa. Nani alikuwa anakushikia gogo ukichonga? Kivuva alikuwa anakimbia nyuki. Ni mimi niliyepaka nta kwenye ile alama, mzinga baada ya mzinga, mpaka kidole changu kikaijua. Mtu akiambiwa achore, huchora anachokijua.

Basi Jumatano niliufungua mchoro nikaongeza mstari mmoja juu ya upinde, mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuuweka. Sikumwuliza mtu. Meneja aligundua kesho yake, mapanga mia sita yakiwa yameshatoka, akanirudisha kwenye maboksi. Wale wanaume wawili wakajaribu kuufuta mstari wangu, wakavuruga kimo, na sasa wanatoa moshi tena. Jana walikuja kuniomba msaada. Nikawauliza kama wanataka chai.

Waambie wazee kwamba lenye mstari juu si la ukoo. Lakini ya Salim ni ya mwanzo, hayana mstari. Hayo sijui utayafanyaje.

Binti yako,
Mutindi

Mutomo,
9 Juni 1996

Kwa Mutindi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sote ni wazima.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya kikao. Niliwaeleza wazee mambo yote. Mzee Mulei akasema msichana hana mstari, kwa hiyo mapanga ni ya ukoo au ni ya mwizi. Mulei huyo mwenye mabinti saba, na ndio wanaomlisha. Damu ilinipanda. Nikaingia ndani nikatoka na tupa ya kunolea, nikachukua panga la kwanza, nikapiga mstari juu ya upinde. Salim akaelewa, akaja kunishikia. Tulipiga yote ishirini na manne mbele yao, mpaka mchana.

Mulei akauliza haya sasa ni mali ya nani. Nikamwambia ni ya Mutindi binti Kilonzo, naye ameshamuuzia Salim, na mwenye shida akamwone Mutindi Nairobi. Salim akafunga mzigo wake akaenda dukani. Mulei anasema atanishtaki kwenye kikao kikubwa. Anishtaki. Hasira ninayo bado, na si kwako.

Wiki ile ile nilichonga mzinga, nikaweka upinde, mistari miwili, na mstari wako juu. Sikukuuliza kwanza. Na wewe hukuniuliza. Mama yako aliupaka nta kwa kidole chake, tukautundika ng'ambo ya mto.

Nyuki wameshaingia. Njoo uvune asali yako.

Baba yako,
Kilonzo