Kibanda cha Aimu Kando ya Mto

Soko la Kwa Vonza,
Kitui.
Jumatano, 14 Agosti 2024

Mpendwa dada Mwongeli,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, joto la Doha limepungua? Na ule mgongo wako siku hizi unakuacha ulale? Huku tu wazima. Mke wangu Mbithe amepona malaria, ng'ombe amezaa ndama jike, na mimi ni yule yule mbishi unayemjua. Barua hii utaletewa na Nusaiba, binti wa duka la Fahim, anayerudi huko kazini Jumamosi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningeyasema haya kwa hasira.

Kalunde amepata nafasi kwenye mchezo wa runinga! Ni mchezo wa vijana, wa sehemu nyingi, kuhusu watoto wanne wanaowafuata aimu, zile roho za wazee wa kale, ili wairudishe mvua iliyofichwa. Binti yangu ndiye anayeongea na aimu. Ungemwona anavyokodoa macho, ungekimbia. Alichaguliwa kati ya watoto wa shule nne, na katika miaka yake kumi na miwili sijawahi kumwona akitaka kitu namna hii.

Mimi nami nikapewa kazi ya useremala, nijenge ithembo, kibanda cha matambiko, chini ya mkuyu kando ya mto. Nilikijenga wiki mbili. Nikaezeka nyasi, nikapaka masizi kionekane cha zamani, nikapanga vibuyu mlangoni. Dada, kilitisha! Kosa langu ni moja, na ninalikubali: sikumwambia mama. Unamjua mama na mambo ya aimu. Nilimwambia natengeneza madawati.

Jumapili alirudi kutoka kanisani amechangamka, ananukia moshi. Akajipakulia muthokoi, akasema, "Nzau, leo Mungu ametutumia kweli kweli. Tumepitia mtoni na akina mama wa maombi, tukapata ithembo. Watu bado wanatambika, hapa hapa! Tumeomba, tukapaka mafuta, tukachoma yote."

Nikaweka sahani yangu chini. Nikamwambia, "Mwaitu, hayo ndiyo madawati yangu."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Tulirushiana maneno ambayo sitayaandika hapa, na Kalunde alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

Jumatatu alikuja Sauda, dairekta wa mchezo kutoka Nairobi, akayatazama majivu. Ni mtu mpole, lakini alisema wazi kwamba Alhamisi asubuhi wanaanza kupiga picha. Kibanda kisipokuwepo, wanahamia Kibwezi, ambako wameshaona mto na miti. Kibwezi hatuna mtu wa kumpa Kalunde malazi, kwa hivyo nafasi yake ingepewa mtoto wa huko.

Nikamwambia asihangaike kutafuta malori. Kazi ya wiki mbili nitaifanya siku tatu. Tangu hapo nimekata miti, nimekata nyasi, na viganja vimejaa malengelenge. Jana akina mama wa maombi walisimama pale wakaniombea kwa sauti. Niliitikia amina na kuendelea kugonga misumari.

Leo saa nne akaja mama peke yake. Nilijua amekuja tumalizie vita, na nilikuwa tayari. Akakizunguka kibanda mara mbili. Kisha akasema, "Huu mlango uko juu sana. Mtu alikuwa anaingia ameinama. Na vibuyu havikai nje, vinakaa ndani."

Dada, wewe na mimi tumekua tukiambiwa kwamba nyanya alikuwa mtu wa kanisa tangu utotoni. Nikamuuliza ameyajulia wapi hayo. Akachukua nyasi, akaanza kuzifunga kwenye fito kwa mafundo ambayo sijawahi kuyaona, haraka haraka, bila kuangalia vidole.

"Cha mama yangu pia nilikichoma," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimeokoka juzi tu. Alisimama akaniangalia mpaka kikaisha. Hakunigombeza hata siku moja."

Nilimpa kamba nyingine, tukajenga pamoja mpaka saa kumi. Bado anasema aimu ni uongo wa shetani, na kesho ataomba kabla Kalunde hajaanza. Aombe. Kibanda kimesimama, mlango nimeushusha, na watu wa Kibwezi watamwona binti yangu kwenye runinga tu.

Mpigie mama simu, nakuomba. Usimuulize habari za nyanya. Msalimie tu, mengine atayasema mwenyewe akitaka.

Mbithe na Kalunde wanakusalimu sana, na mjomba Kyule anauliza utarudi lini. Mungu akutunze huko ugenini na akurudishe kwetu salama. Mama pia anakusalimu. Amesimama hapa nyuma yangu, na amesema nikuandikie kwamba nyanya yetu alijenga vizuri kuliko mimi.

Ndugu yako anayekupenda,
Nzau