Karatasi ya Kufunika Wali

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mama mkwe amepiga simu kazini. Ruracio, sherehe ya mahari, ya wifi yangu Kawira ni Jumamosi tarehe 26, kwao Meru. Wageni mia mbili! Kazi yangu: kuleta karatasi za plastiki za kufunika sufuria za wali, mvuke usitoke. "Si wewe ndiwe wa maabara ya plastiki?" Nikamwambia kwetu Kibugu tunafunika na majani ya ndizi. Akacheka. Eti majani ni ya kizamani, wakwe watatuonaje?

Miezi minne tu ya ndoa. Nikasema sawa.

Jumatano, 23 Aprili

Nimepata karatasi mbili hapa kiwandani Embu. Ngumu, ya kufungia vyakula. Na laini, mabaki ya greenhouse, zile nyumba za kukuzia mboga, ya kukinga kuni — mvua ya mwezi huu haina adabu.

Zote ni polithini. Tofauti ni matawi. Kwenye ile ngumu minyororo ya molekuli imenyooka, inalala ikibanana: ina ukungu kidogo, inapiga kelele, inavumilia moto zaidi. Kwenye laini minyororo imeota matawi, haibanani. Ndiyo maana inavutika, inang'aa, na joto linaishinda mapema. Tena ya greenhouse ina dawa za kuzuia jua. Hiyo si ya chakula hata kidogo.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefika Meru. Nimemwambia Mama mkwe mbele ya wote: ngumu ni ya sufuria, laini ni ya kuni.

Shangazi Kajuju, dada ya baba mkwe, akaikunja ngumu. Krr krr! Eti haishiki mdomo wa sufuria. Ile laini ndiyo nzuri, inakumbatia, na unaona wali bila kufunua. Nikaeleza kwa mfano wa kuni: ukizipogoa matawi zinapangika vizuri, usipozipogoa zinaacha mapengo. Wakacheka mpaka basi. "Mwalimu amefika!" Na Munene, mume wangu, akacheka nao. Nimekasirika sana, sana.

Mama alisema tu, "Tumesikia."

Jumamosi, 26 Aprili

Asubuhi nilitumwa Makutano kuchukua soda. Nimerudi nikasikia krr krr nyuma ya nyumba. Karatasi ngumu — juu ya kuni!

Nimekimbia jikoni. Sufuria tatu za wali, zote zimefunikwa na ile ya greenhouse. Kwenye mbili karatasi imelegea ikagusa wali. Ya tatu moto ulipanda ubavuni, ukingo umeyeyuka, kipande kama kiganja hakipo. Kimeingia ndani.

Shangazi Kajuju anasema toa hicho kipande, koroga, nani atajua? Nani atajua! Mimi najua.

Mama ameingia. Ameangalia karatasi, ameangalia kuni kupitia dirisha, halafu amewatoa wote nje, na shangazi pia. Hakunigombeza. Amesema polepole, "Igoki, wewe ndiwe unajua. Tupakue ama tumwage?"

Nikasema, Mama, nipe dakika. Nimejifungia huku chumbani.

Wakwe wako langoni. Wanawake wao wanaimba wafunguliwe, wetu wanawajibu kwa ndani, hawafungui. Ule wimbo hauna dakika nyingi. Nikisema mwaga, wali wote umeisha, ni siku ya Kawira, na mimi ni yule mke wa Munene aliyemwaga chakula cha ruracio. Nitaitwa hivyo mpaka nizeeke. Nikisema pakua, watoto ndio watapewa sahani za kwanza. Naogopa. Kusema kweli naogopa Mama kuliko ninavyoogopa wale wengine wote.

Munene amegonga mlango. Eti kuna nini? Nimemwambia aende akachune majani ya ndizi, mengi. Ameuliza ya nini. Nimesema ni ya kufunika sufuria.

Dirishani namwona Mama. Amefunga leso kiunoni, ameshika mkono mmoja wa sufuria ya kwanza. Upande wa pili hakuna mtu. Shangazi Kajuju amesogea kusaidia, Mama amemkatalia kwa kichwa. Anaangalia huku, ananingoja. Natoka nikashike upande wa pili, tumwage.