Mabaka kwenye Pinde za Azzan

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Shemeji Azzan kaja karakanani na pinde tatu za kuwindia. Mimi nimezoea kupuliza rangi friji, baiskeli, vitanda vya chuma. Pinde — sijawahi. Anataka zipigwe mabaka, rangi ya porini, mnyama asizione. Nikauliza kibali. Eti anacho rafiki yake Robert, ndiye anayelijua pori. Ghassan, mume wangu, kasema nimfanyie tu, ni mdogo wake. Lakini hapa Mchafukoge mtu akiona mabaka anawaza jeshi. Nimefunga mlango wa mbele. Kazi nafanyia uani.

Jumatano, 6 Agosti

Zimetoka nzuri, lazima niseme. Nilipiga msasa, nikapuliza rangi ya udongo. Ilipokauka nikalaza majani ya mwarobaini juu yake, nikapuliza kijani kilichofifia. Ukiyabandua, umbo la jani linabaki. Azzan kaegemeza mmoja kwenye mti wa uani, akarudi nyuma — hauonekani. Kacheka kama mtoto.

Jumapili, 17 Agosti

Tulikuwa tunakula, redio imewashwa. Askari wa wanyamapori kapigwa mshale. Yuko hospitali, hali mbaya. Wenzake wanasema waliokimbia walikuwa na pinde zenye mabaka ya majani.

Nikamtazama Ghassan. Kapunguza sauti ya redio, akaomba achari.

Azzan hapokei simu.

Jumanne, 19 Agosti

Karudi. Pinde kazifunga ndani ya mkeka. Hata salamu hakuimaliza. Anataka rangi yote itoke, mti ubaki kama ulivyokuwa.

Nikamuuliza, "Azzan, ni nyinyi?"

Wakadhani ni nyati, kasema. Kichaka kilitikisika, Robert akaachia mshale, na yeye akaachia. Wa nani uliompata, hajui. Yule askari naye alikuwa kavaa mabaka — hawakumwona mpaka alipoanguka.

"Tulimwacha analia, shemeji."

Kakaa juu ya kopo la rangi, akajifunika uso. Nilitaka kumshika bega. Mkono haukwenda.

Jumatano, 20 Agosti

Robert kazima simu, hajulikani alipo. Azzan analala stoo, nyuma ya makopo. Ghassan anasema toa rangi, Thuraya, mama akisikia hatapona. Mama yao, Bi Kuruthumu, yuko ghorofani. Anadhani mwanawe bado yuko safari, kila swala anamwombea arudi salama.

Nimeanza. Tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, kwenye kitambaa, kidogo kidogo — ikizidi inakula gundi iliyoshika mbao, na upinde utapasuka mtu akiuvuta. Halafu msasa. Mmoja umekwisha, umekuwa mweupe kama ndiyo kwanza umetoka dukani. Pikipiki ikisimama nje, nazifunika pinde kwa mkeka. Mikono inanuka tina. Najiambia nafuta rangi tu.

Alhamisi, 21 Agosti

Amefariki.

Redioni wamelitaja jina la yule askari. Ramadhan. Kaacha mke na watoto wadogo.

Upinde wa pili ulikuwa umekwisha. Wa tatu uko nusu. Nikaweka msasa chini, nikamwambia Ghassan siendelei. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Ukimtoa ndugu yangu," kasema, "na mimi umenitoa."

Kweli naogopa polisi. Ila namwogopa zaidi huyu mtu mpole niliyezaa naye.

Ijumaa, 22 Agosti

Ghassan kaenda msikitini, hajarudi. Wamekuja watu wawili, nguo za kiraia. Mmoja kaonyesha kitambulisho, akasalimia kwa adabu. Wanazunguka karakana za rangi, hapa mpaka Ilala. Wanauliza nani anapiga mabaka.

Nikawavutia viti. Nikawawashia feni. Nikasema naingia ndani mara moja niwaletee maji.

Naandika nimesimama. Azzan kafungua mlango wa stoo kidogo, ananitazama. Machozi tu. Juu, mama yake anaburuta brashi ya kusugulia sakafu.

Upinde wa tatu uko mezani, nusu mti, nusu majani. Nikitoka mikono mitupu, nikasema hapa tunapuliza friji tu, wataondoka. Wana adabu. Wataniamini.

Mmoja anaita kutoka mbele, "Mama, upo?"

Nimeushika upinde, natoka nao. Nimeitika nipo, nakuja. Maji sijachota —