Familia ya Watu Wanne

Jumatatu, 8 Septemba

Mapumziko ya chai, hospitalini Westmead. Nimeyamaliza yote kwenye simu, chai imepoa. Tiketi za bustani za michezo, zile za mashine za kupanda, kule pwani ya Gold Coast. Siku moja, siku tatu, siku tano. Siku moja foleni zitaila yote. Siku tano ni wazimu, mume wangu atalala kwenye benchi. Kuna ya siku tatu inayoitwa ya familia, ofa yake inaisha Ijumaa. Bado sijabonyeza.

Mwanangu Baraka ana miaka saba na amepungukiwa sentimita mbili kuruhusiwa kupanda ile reli kubwa ya magari yanayopaa na kushuka. Tangu jana amejipima ukutani mara tatu. Mama amemwambia ale ugali.

Mama yangu alikuja kutoka Voi mwezi wa saba, anarudi katikati ya Oktoba. Anapika, anamsuka binti yangu Neema, anafua sare zangu kwa mkono na mashine ipo pale pale. Nimechoka kumkataza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemuuliza Mama. Niandike vile ilivyokuwa, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Nilikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, funguo mkononi. Likizo tunaenda kwenye michezo, utakuja? Akasema, "Nendeni nyinyi na watoto. Mimi nitalinda nyumba." Nikasema sawa Mama, nikatoka mbio.

Nimenunua pale kituoni, basi limechelewa. Siku tatu, bustani zote, pamoja na ndege na chumba. Wakubwa wawili, watoto wawili.

Nilifurahi. Kweli kabisa, nilifurahi. Wanne ni rahisi. Hakuna kusimama kila hatua kumpumzisha mtu, hakuna kuzunguka kutafuta chai ya maziwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Dukani Bankstown na Mama. Amechagua raba nyeupe na kofia pana ya jua. Raba! Mama, ambaye maisha yake yote ni ndala na viatu vya kanisani. Nilidhani anamnunulia mtu nyumbani. Akazijaribu, akatembea hadi mwisho wa duka na kurudi, akaruka kidogo.

Tukiwa kwenye foleni ya kulipa akaniuliza kama kwenye yale magari ya juu mtu huvua miwani au huifunga kwa uzi.

Nimejitia hamnazo. Nimesema sijui, Mama. Nimelipia raba. Njia nzima ya kurudi amezipakata mapajani.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada Mama Furaha amenikumbatia. Ni Mkongo, anafanya kazi kwenye ghala moja la Smithfield, hukaa na Mama safu moja. "Mama yako anasema mutaenda naye ku michezo. Mungu akubariki, wee mtoto mwenye anakumbuka mama."

Nikamweleza kwamba haendi, nilimuuliza akakataa. Akacheka. "Alikataa mara ngapi?"

Moja.

Akaacha kucheka. "Mara moja ile ni adabu, dada." Akaenda kukusanya vikombe.

Najua. Ni nani asiyejua? Kwetu mgeni akikaribishwa mezani husema ameshiba, na wewe unamvuta mkono, walau tonge moja, hadi anawe. Mama ndiye aliyenifunza. Nilipokuwa mdogo nilipokea soda ya jirani mara ya kwanza tu kuambiwa, na nilifinywa hadi mlangoni kwetu.

Miaka kumi na miwili hapa ughaibuni. Wodini mgonjwa akisema hataki, unaandika amekataa, unaenda kitanda kinachofuata. Nimemfanyia mama yangu hivyo hivyo.

Jumanne, 16 Septemba

Siku yangu ya kupumzika. Asubuhi yote kwenye simu. Ndege yetu imejaa, ila kuna kiti kesho yake. Mama aliweza kutoka Kenya peke yake, hapo hatashindwa. Hoteli wamekubali kuongeza kitanda cha kukunja. Tiketi ya tano ipo.

Nimegombana na mume wangu. Eti alikataa mwenyewe, unajitesa nini? Nimemfokea vibaya, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyojiambia mimi juma zima.

Kesho nitamuuliza vizuri. Nikiwa nimekaa, si mlangoni.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepika chai mwenyewe, nikaweka tangawizi nyingi apendavyo. Nikakaa chini. Nikamwomba.

Mara ya kwanza akasema magoti. Nikasema tutatembea polepole. Mara ya pili akasema nyumba haiachwi tupu. Nikasema nyumba itafungwa. Mara ya tatu nikamshika mikono, na yeye akaitoa, taratibu, akakishika kikombe.

Kumbe jana Neema alimsomea tiketi. Majina yote manne, na siku niliyonunua, ile ile niliyomuuliza mlangoni. Mtoto hakujua, alikuwa anamfurahisha bibi yake. "Familia ni watu wanne," Mama akasema. "Imeandikwa." Wala hakukasirika. Afadhali angenitukana.

Nikasema basi na mimi sitakwenda, nitabaki naye. Akanikatiza hapo hapo. "Usinifanye mimi sababu ya watoto kulia."

Mara ya nne sikuuliza. Ya leo si adabu. Leo amekataa.

Jumapili, 28 Septemba

Tumeondoka. Mama amesimama mlangoni na leso yake, ametufungia mahamri ya njiani. Kwenye ndege nimeshindwa kuyala. Watoto wameyamaliza.

Jumatatu, 29 Septemba

Bustani ya kwanza. Jua kali. Baraka bado amepungukiwa, ugali haukutosha. Amelia. Wenzake wakipanda, mimi naye benchi. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba Bibi angekuwapo wangengoja pamoja wao wawili, na mimi ningeenda kupanda.

Mabibi kila mahali leo. Wanene, wembamba, wenye fimbo, wenye kofia. Mmoja alikuwa analamba aiskrimu kama hana shida duniani.

Kwenye mashua ya maji kuna viti sita. Msimamizi akauliza kama kuna mwingine wetu anakuja. Nikasema hapana.

Jumatano, 1 Oktoba

Siku ya mwisho. Wamefurahi, siwezi kuongopa. Mimi nimecheka panapotakiwa kucheka. Aibu tupu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tumerudi tangu jana. Nyumba inang'aa. Sare zangu zimepigwa pasi, zimetundikwa kwa mpangilio wa siku.

Leo baada ya chakula Mama akaomba kuona picha. Akavaa miwani, akakaa karibu nami. Kila picha ameisifu. Neema amependeza. Baba Neema ameungua pua. Akafika ile ya mashua, maji yanaruka, sisi wanne vinywa wazi. Akakomea hapo. Akaweka kidole kwenye kiti kilicho nyuma ya Baraka.

"Hapa palikuwa wazi?"

Ndiyo, Mama.

Akaitazama tena. "Ningeishika kofia kwa mkono huu," akasema, akaunyanyua mkono wa kushoto kidogo.

Kisha akanirudishia simu, akaenda kuroweka maharagwe ya kesho. Nimepita chumbani kwake sasa hivi kuchukua nguo chafu. Raba zimo ndani ya sanduku lake la safari, bado zimejazwa karatasi za dukani.