Ndizi za Mama Kulwa

Butimba, Mwanza

Dada yangu Leokadia,

Shikamoo, tena ya kupiga magoti, maana najua bado umeninunia. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma kwa basi ilifika, au dereva alichua miguu yake? Sisi huku hatujambo. Koku na mumewe wanashinda kazini, wajukuu shuleni, nami nabaki na paka na redio.

Naandika kwa sababu simu yako, dada, ukoo mzima huisikiliza kwa spika. Hili lisome peke yako.

Uliniuliza, "Adventina, miaka sitini na tatu, mwanaume wa nini?" Nikakukatia simu. Nisamehe. Jibu nilikuwa nalo: wa kuongea naye. Tangu nimzike Baba Koku hakuna aliyewahi kuniuliza nimeamkaje akasubiri jibu. Mzee Masanja alisubiri, tangu siku ya kwanza, kwenye benchi la kliniki ya presha. Ni Msukuma, mgane, dereva wa trekta mstaafu, anakaa ng'ambo, Kamanga. Kliniki yake ni mara moja kwa mwezi, lakini tangu tujuane anavuka kila Alhamisi. Presha gani hiyo ya kila wiki, pima mwenyewe.

Alhamisi moja akaniletea chane mbili za ndizi mbichi. Nikamcheka: Msukuma na ndizi wapi na wapi! "Mama Koku," akasema, "zimetoka kwangu. Kula, ni zako." Nikazipika na maharage. Sijala ndizi laini namna ile tangu tuondoke kibanjani kwa Mama, kwenye migomba yake. Ila wiki nzima mikono yangu ilinuka ziwa. Nilinawa kwa limau, wapi.

Alikuwa ameshaniomba tuoane. Nikamwambia nione kwanza nyumba, ndipo nijibu. Basi nikavuka. Pale kivuko kinaposhushia, mama mmoja muuza dagaa alinitazama, akasimama, akasema, "Karibu nyumbani." Si karibu Kamanga, dada. Nyumbani. Nikasema moyoni ni ukarimu tu.

Uwanja wake umefagiwa ukang'aa, na nyuma, upande wa ziwani, mgomba mmoja peke yake, umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Na msalaba.

"Hapo ni kwa Mama Kulwa," akasema. Mkewe. Miaka sita iliyopita mtumbwi ulipinduka akitoka gulioni. Wenzake walipatikana, yeye ziwa halikumrudisha. Wazee wakasema asikae bila kaburi, wazike mgomba badala yake, ndiyo desturi. Sasa sikia kosa la watu wasiojua migomba! Walichimba mgomba mzima, na tunguu na mizizi yake, wakauvika sanda, wakaufukia. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua unakata gogo tu, kwa sababu tunguu likifukiwa linaota. Likaota. Nani angethubutu kuling'oa?

"Haukuwahi kuzaa," akaniambia taratibu. "Ulitoa ua wiki ile tuliyokaa benchi moja. Ameniruhusu, Mama Koku."

Kumbe zile ndizi nilizokula zilitoka hapo! Nikamfokea, mbona hukuniambia? "Ningekuambia, ungekula?" Loo, mwanaume huyu! Wadudu wa ziwani walikuwa wanapanda juu ya maji kama moshi, jua la saa sita, hakuna upepo hata wa kupepea nzi. Lakini jani moja la mgomba ule lilikuwa linapunga, moja tu, mengine yametulia.

Unaijua sheria ya Mama: mgomba uliokwisha kuzaa hukatwa, kuuacha ni kuutesa. Nilipomwambia akasema hawezi kumwinulia mkewe panga. Nikaomba panga mimi. Kwa nini, mpaka leo sijui. Nikasema, "Samahani, mwenzangu," nikakata. Mgomba una maji, najua, lakini haya yalijaa lile duara la mawe yakaja mpaka kwenye ndala zangu, ya baridi, na harufu ni ile ile ya mikononi. Mzee Masanja akaangua kilio. Nikamwacha alie, maskini, hakuwahi kupata maiti ya kuililia.

Tulipomaliza chai tukarudi kutazama. Kiini cha kisiki kilikuwa kimepanda urefu wa kidole. Hiyo ni tabia ya mgomba, haikunitisha. Kilichonitisha ni chipukizi. Miaka sita hapakuwa na hata moja, na pale niliposimama na panga udongo ulikuwa umepasuka na ncha imechomoza, imeelekea mlangoni.

Nampenda, dada. Nakuambia nikiwa na akili zangu zote. Ila Alhamisi iliyopita nilivuka tena, na yule muuza dagaa akaniita, "Mama Kulwa, habari za safari?" Nikaitika, "Nzuri." Nilishafika mbali ndipo nikalisikia lile jina. Niliitika mwenyewe, dada, hakunilazimisha mtu.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Chimba chipukizi kibanjani kwa Mama, pale nyuma ya jiko, pamoja na tunguu lake, ulifunge kwenye gunia unitumie kwa basi. Likifika nitajua umenibariki, nitalipanda mbele ya mlango wa Mzee Masanja na kuolewa naye. Lisipofika sivuki tena, nitabaki na paka wangu.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze chumvi. Msalimie mke wa kaka, yule wa kwaya, na shangazi wa bondeni, ila huyo usimwambie kitu, mdomo wake haufungi. Mbusu mjukuu wako mpya kwa niaba yangu.

Mimi mdogo wako mpenzi,
Adventina

Hilo gunia liandike jina langu kwa rangi, herufi kubwa, pande zote mbili. Hapa Mwanza wananijua kama Mama Koku, na ng'ambo kule wameshanipa jina lingine. Ni wewe tu uliyebaki unaniita Adventina.