Kilio cha Oktoba Kumi na Nne

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Blauzi za kwaya ya shule zimebaki kushonwa mikono. Wanazitaka kabla ya Jumatatu, sikukuu ya Baba wa Taifa. Kila mwaka kazi hii huletwa kwangu, kila mwaka naipokea, na kila mwaka najuta. Sindano imevunjika. Vumbi limeingia mpaka ndani ya cherehani.

Mama mkwe amegoma uji. Tangu tumtoe kijijini kwake Mutuka tukamleta hapa kwetu Singe, anakula kama anayetufanyia hisani. Leo amemwambia mume wangu Petro, mwanawe wa kumzaa, "Shikamoo baba." Petro akacheka, akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Jumatano, 9 Oktoba

Oktoba huwa hivi kwangu. Acha niandike, nani atasoma.

Tarehe 14 Oktoba 1999 nilijifungua mimba yangu ya kwanza, Mutuka, nyumbani kwa mama mkwe. Mwezi mmoja kabla ya wakati. Petro alikuwa Mererani kwenye machimbo. Wakaniambia mtoto amezaliwa amekufa. Sikuonyeshwa. Sikuambiwa ni wa kike au wa kiume. Wanawake wazee wakamzika siku hiyohiyo, bila matanga, bila kunionyesha mahali. Mtoto ambaye hakuvuta pumzi alizikwa hivyo.

Siku hiyohiyo redio ikatangaza kifo cha Baba wa Taifa. Majirani wakajaa sebuleni, wakalia. Na mimi nikalia chumbani. Mpaka leo wapo wanaosema, yule binti alimpenda sana Mwalimu.

Kati ya waliozika amebaki mama mkwe peke yake, na akili yake leo ipo, kesho haipo. Nataka mambo mawili tu kwake. Mtoto wangu alikuwa nani, na yuko wapi. Akienda nayo kaburini, basi tena.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemuuliza. Nilimpaka mafuta kwanza, nikamkalisha juani, nikamwamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza nafika. Akaitikia marahaba, akauliza kama ng'ombe wamekunywa. Hatuna ng'ombe. Nikarudia swali. Akaugeukia mlima Kwaraa, akanyamaza.

Kuna kunyamaza kwa kusahau na kuna kunyamaza kwa kukataa. Nimeishi na mama huyu muda wa kutosha kujua tofauti.

Petro ananiambia, "Mama Elia, mwache mzee apumzike." Elia ndiye mwanetu, alikuja miaka miwili baadaye, sasa yuko Dodoma kikazi. Nimekasirika mpaka nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Apumzike yeye. Mimi nipumzike lini?

Jumapili, 13 Oktoba

Mungu mkubwa.

Baada ya misa katekista alimletea mama mkwe komunyo. Akamuuliza, kama anavyowauliza wagonjwa wote, iwapo kuna neno linalomlemea moyoni. Mama mkwe akasema waziwazi, "Yule mtoto wa Oktoba nilimbatiza mimi. Kwa maji ya kikombe. Nikamwita Anna."

Katekista akatabasamu, akadhani ni maneno ya uzee. Mimi nilijua ni wangu.

Msichana. Anna. Nimetembea na jina hilo mpaka sokoni na kurudi. Nimenunua nyama bila sababu. Petro aliuliza kuna nini, nikamwambia kula kwanza. Nimefurahi kama mjinga, na sijui mara ya mwisho kufurahi hivi ilikuwa lini. Nitamwambia kesho, siku yake ikifika.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilipeleka blauzi shuleni, nikakaa kuwasikiliza watoto. Mbele ya kantini kulikuwa na redio. Mtangazaji anataja mambo ya siku kama ya leo. Wazungu walipigana Uingereza karibu miaka elfu iliyopita. Rubani mmoja aliipita sauti kwa mwendo. Kisha 1999, London, Baba wa Taifa. Nami kichwani naongeza langu: Mutuka, alizaliwa Anna, akabatizwa.

Hapo ndipo niliposhtuka. Maiti habatizwi. Nimefundishwa hivyo tangu darasa la komunyo ya kwanza, na mama mkwe pia. Hubatizwa aliye hai.

Nilirudi karibu kwa kukimbia. Petro hakuwepo. Mama mkwe alikuwa uani, na akili yake leo ilikuwepo yote. Sikumwamkia.

"Alilia?"

"Kidogo tu."

"Alikaa mpaka lini?"

"Alasiri."

Nilisikia. Nilisikia mtoto analia katikati ya kile kilio cha redio, nikauliza ni wa nani. Wakaniambia ni wa jirani, mama yake amekuja kusikiliza habari. Nikaamini. Nchi nzima ilikuwa inalia, ningetenganishaje kilio na kilio?

Akanieleza sababu kama anavyoeleza jinsi ya kupika makande. Kwa wazee wetu waliotoka Mbulu, mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya alitengwa. Haingii nyumba ya mtu. Hachoti maji pamoja na wengine. Hapewi mkono, mpaka muda mrefu upite. Yeye mwenyewe alitengwa ujanani, na alikaribia kurukwa na akili. Alipomwona mjukuu wake alivyo mdogo, akajua hatafika jioni. "Angenyonya hata mara moja, wangekutenga. Nikasema asinyonye. Nikasema amezaliwa amekufa."

Siku zile maziwa yalinijaa mpaka nikashikwa na homa. Na mchana ule mwanangu alikuwa hai, chumba cha pili.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemwambia Petro. Naye alidanganywa kama mimi, siku alipofika kutoka Mererani. Alitoka akaenda kupasua kuni ambazo hatuzihitaji. Kisha akaingia kwa mama yake, akamuuliza mahali tu. Nyuma ya zizi la Mutuka, penye mti wa mnyaa.

Mama mkwe namlisha. Simtazami. Namchukia na uji namkorogea vizuri, usiwe na mabuje. Sijui nimeumbwaje.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tumekwenda Mutuka. Zizi halipo. Mnyaa umekuwa ua mzima, umezunguka shamba, na mpangaji tuliyemkodisha amelima mpaka ukingoni. Mabua matupu. Petro akachagua mahali, akataka kuweka jiwe. Nikamwambia hapana, hatujui, usinidanganye na wewe. Akalia mbele ya mpangaji. Mwanamume wa miaka hamsini na tano. Nilimshika mkono, na tangu siku ya ndoa sijamshika mkono mbele za watu.

Jumatano, 23 Oktoba

Elia amepiga simu. Nimemwambia ana dada. Halafu akauliza, "Mama, angekuwa na miaka mingapi?" Nikasema hesabu mwenyewe, nikakata. Baadaye nikampigia kumwomba radhi.

Mama mkwe hali vizuri. Anapungua.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Niliandikisha jina parokiani, Petro ndiye aliyenisukuma. Padri alisoma majina kwa haraka kama kawaida, babu wa huyu, bibi wa yule. Kisha akasema, "Anna." Mara moja tu, akaendelea na mwingine. Sikuwahi kulisikia jina hilo likitajwa kanisani kwa ajili yangu.

Nje, mwenzangu wa kwaya akatuuliza Anna ndiye nani. Nilikuwa natafuta uongo. Petro akajibu, "Ni mtoto wetu wa kwanza."

Yule mama akatupa mkono wa pole, mmoja mmoja, kama watu waliofiwa jana. Na wengine nyuma yake. Nililia pale nje ya kanisa, kwa sauti, bila kumsingizia mtu mwingine.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua ya kwanza. Nimemwogesha mama mkwe ndani, kwa maji ya moto. Amebaki mifupa. Nilipokuwa namsugua mgongo akaniuliza, taratibu, "Umenisamehe?"

"Bado, Mama. Inua mkono."

Akainua. Nikamwosha kwapa, nikamfuta, nikamvika gauni la mikono mirefu kwa kuwa kumepoa.