Unga wa Rangi Mbili

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Picha yangu imerudi kutoka maonyesho ya Iringa. Kwenye buti la basi wameibananisha na matenga ya nyanya ya Ilula, kona moja imepinda. Hakuna aliyeitaka. Chumbani kwangu haipiti mlangoni, nimeiacha kwa binamu yangu Junaid, kwenye duka lake la dawa hapa Mbalizi. Nimemwambia aiweke stoo. Stoo!

Jumatano, 6 Agosti
Ameitundika. Juu ya kaunta, na taa ameiwekea.
Nilichora kapsuli ya antibiotiki, ile wanayoiita rangi mbili, nyekundu na nyeusi, imefunguliwa, unga unamwagikia kidonda cha mguu. Rangi nilizitoa kwenye matangazo ya soda na vocha — zile za kukutamanisha kabla hujafikiri. Nilitaka watu waone aibu. Dawa ya kumeza wanainyunyizia kidonda kama chumvi kwenye hindi la kuchoma! Leo nimemkuta Mama Tusekile, muuza mchele, kasimama chini ya picha ananyoosha kidole: nipe hiyo, ya kumwagia. Junaid akampa, wala hakupepesa macho. Eti tangu aitundike, rangi mbili zinatoka kuliko Panadol. Nikamwambia unaua watu wewe. Akasema, dada, si wewe uliyewaonyesha?
Nimetoka bila kuaga. Mshenzi.

Alhamisi, 7 Agosti
Sijashika brashi. Nimegombana na kila mtu, mpaka paka.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama anachechemea. Wiki iliyopita alijikata na jembe, akasema mkwaruzo tu. Leo kavua soksi atawadhe, nikaona. Mguu wa kushoto umevimba mpaka kifundoni. Kidonda kimeganda ukoko mweupe — unga. Unga wa rangi mbili, nyumbani kwangu! Nimefoka mpaka jirani yetu Devota akaja kuchungulia. Nani kakupa? Mama akashangaa kweli. Kanunua kwa Junaid, baada ya kuiona picha. Tena kawaambia wanawake wote pale dukani ni kazi ya mwanawe, kasoma, hawezi kuchora uongo.
Alikuwa anajivunia. Bora angenitukana.

Jumamosi, 9 Agosti
Homa imempanda. Hospitali hataki. Nimemwambia, Mama, picha ile inakataza, ni kejeli. Akaniuliza, sasa hapo kukataza kuko wapi? Nina hasira na Junaid, na mimi mwenyewe, na kila rangi niliyopaka pale.
Devota kaleta bajaji, amembembeleza kuliko nilivyoweza mimi. Mama amekubali, ila tupitie kwanza kwa Junaid, achukue rangi mbili za kwenda nazo, maana hospitali huwa wanasema hakuna dawa. Nimesema hatupiti. Kasema basi haendi.
Bajaji inapiga honi. Amekaa kitandani na viatu vyake vya Idi. Cha kushoto hakiingii.